Fundi Ngedere na Paa la Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Lo! Mnaitika au mnapiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, Bi Kanga alikuwa na nyumba yake ya nyasi. Ndani ya nyumba, mayai. Juu ya nyumba, tundu. Tundu dogo tu, la kupitisha kidole. Lakini masika yalikuwa yanakaribia, na yai likilowa halianguliwi tena. Masika yaliyopita Bi Kanga alipoteza mayai yote, akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Safari hii, sikubali!" akasema. Akamwita Fundi Ngedere.

Fundi akaja. Akala karanga za malipo, zote, hata kazi hajaigusa. Kisha akapanda juu. Chwa! Chwa! Chwa! Akaezua nyasi. Si pale penye tundu tu, paa zima!

"Fundi, mbona lote?"

"Bibi, kazi nzuri huanza upya. Naenda kukata nyasi mpya, sasa hivi narudi." Akazifunga zile nyasi za zamani, akajitwika, huyooo!

Nyie watu wazima mnaocheka, mnaujua ujanja huo. Mafundi wa siku zile walikuwa na mwiko wao: kazi aliyoianza mmoja, mwingine haigusi. Bi Kanga kanaswa.

Akangoja weee. Akaenda mpaka kwa fundi, akaita nje ya mlango: "Fundi weee!"

"Niko njiani!" Sauti inatoka kitandani.

Kesho yake tena. "Fundi weee!"

"Niko njiani!" Na mkoromo juu yake: khooo! khooo!

Mawingu yakatanda. Ngurrr! Bi Kanga akayakumbatia mayai yake, moyo unamwenda mbio. Akapita Kobe.

"Pole, jirani. Ndiyo maana mimi natembea na nyumba yangu. Fundi simjui hata kwa sura."

"Usinicheke, Kobe. Nina uchungu mie!"

"Sikucheki. Ila fundi wako leo ana ugeni. Mama mkwe wake yuko njiani. Huyu yuko njiani kweli, nimemwacha mtoni ananawa miguu."

Bi Kanga akaruka. Mkwe! Ngedere mbele ya mkwe wake hata kukohoa hakohoi! Akatoka mbio mpaka mtoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu kwangu upumzike kwanza. Uione na kazi ya mkwe wako."

Yule mama mkwe akafurahi. Akaketishwa juu ya mkeka, kando ya mayai. Akainua macho, akaona mbingu.

"Paa liko wapi?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mama. Kila nikimwita, ananijibu yuko njiani. Ngoja nikamwite."

Akaenda. "Fundi weee!"

"Niko njiani!"

"Wala usijisumbue. Nilikuja kukuarifu tu, mama mkwe wako amefikia kwangu. Amekaa chini ya paa lako, anatazama mawingu."

Puu! Fundi kaanguka kutoka kitandani.

Sasa afanyeje? Nyasi mpya hakukata hata moja, na zile za Bi Kanga alikuwa ameezekea kwake! Akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe. Chwa! Chwa! Chwa! Akaezua, akajitwika, mbio! Akaezeka kichwa chini, jasho linamtoka, mkwe anamwelekeza kutoka ndani.

"Bado pale, baba."

"Ndiyo, mama."

"Na pale."

"Ndiyo, mama!"

To! Tone la kwanza likamwangukia puani. Akafunga tita la mwisho. Shaaa! Mvua ikamwagika. Ndani, hata yai moja halikulowa. Bi Kanga akacheka huku analia.

"Kazi safi," akasema mkwe. "Haya, baba, twende kwako nikalale."

Ngedere akajikuna. "Mama... kwangu kuna tundu dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Paa zima, mama."

Mama mkwe akajinyoosha mkekani. "Basi mimi nalala hapa hapa kwa Bi Kanga. Wewe nenda kaezeke. Ukinihitaji, niko njiani."

Mayai yakaanguliwa yote, piu! piu! piu!

Basi, wanangu, kazi ya mwenzio ifanye kana kwamba mkwe wako atalala chini yake. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayesema yuko njiani, mwambieni sisi tumeshafunga mlango.