Nyati Aliyeatamia Kimea

Hapo zamani za kale, nyinyi hamjazaliwa na mimi sijaanza kuongopa, Nguchiro alikuwa na watoto saba, ghala tupu, na shamba la ulezi lililobakiza siku tatu tu likauke livunwe. Hizo siku tatu ndizo zilizomkosesha usingizi, kwa sababu kila asubuhi Nyati alipita shambani kupata kifungua kinywa.

Kifungua kinywa! Nusu shamba ilishakwenda. Nguchiro akimwomba aache, Nyati humjibu, "Shukuru sijaja na ndugu zangu."

Basi asubuhi moja Nyati akaja mlangoni kwa Nguchiro, kichwa chini.

"Hodi, Bi Nguchiro."

"Karibu, mzee. Leo unapiga hodi? Kuna msiba?"

"Afadhali msiba! Juzi nilialika watu pombe. Wamemaliza mitungi sita, wakaondoka wamenyooka vilevile walivyokuja! Hata Ngiri hakuimba. Sasa watoto wanaiita uji wa Nyati."

Nguchiro aliuma midomo asicheke. Kwa kupika pombe nzuri, kijiji kizima kilimjua yeye.

"Kimea chenu mlikitengenezaje?"

"Kama kawaida. Mke wangu aliloweka ulezi, akaufunika shimoni kwa majani ya mgomba, akaweka mawe juu ili uote."

"Mawe?" Nguchiro akashika kichwa. "Mawe, mzee! Mtu mwenye hadhi yako!"

"Kwani wewe unaweka nini?"

Wanangu, naye huweka mawe. Hata saa ile yalikuwapo manne nyuma ya nyumba yake, juu ya kishimo chenye ulezi wa mwisho kutoka ghalani, alioloweka juzi. Lakini aliutazama ule ubavu mpana wa Nyati, akalitazama shamba.

"Kimea cha wakubwa huatamiwa," akasema. "Kinataka joto la mwili. Ila kazi hii si ya kila mtu. Siku tatu huinuki, hugombi, wala huli kibichi chochote, maana chachu ikisikia harufu ya majani mdomoni mwako inalala. Sidhani kama utaweza. Tembo mwenyewe alishindwa."

"Tembo alishindwa?" Nyati akainua kichwa. "Shimo liko wapi?"

Nguchiro akatangulia mbio, akayatupa mawe kichakani. Nyati akajilaza juu ya kishimo, puuu! uso ameuelekeza mlimani na mgongo ameupa shamba. Eti kimea hakitaki mlezi anayeangaza macho.

Siku ya kwanza akapewa kata ya uji mwepesi. Siku ya pili, kata nyingine. Tumbo likanguruma, nzi wakamjaa masikioni, naye ametulia kama kuku juu ya mayai.

Kobe akapita. "Mzee Nyati, unaumwa?"

"Niko kazini! Naotesha kimea."

Kobe akafikiri sana. "Mbona sisi nyumbani tunaweka mawe tu, na kinaota?"

"Ndiyo maana mtabaki kuwa kobe," Nyati akajibu kwa upole, kwa kuwa alikatazwa kugomba.

Siku ya tatu, jua halijawa kali, Nyati akasikia sauti nyuma yake. Chwe! Chwe! Chwe! Visu vya Nguchiro, dada zake wanne na watoto wote saba, vikikata ulezi.

"Bi Nguchiro! Nini hicho?"

"Kimea kinapasuka, mzee! Kinatoa meno! Usitikisike, utakiua!"

Nyati akazuia hata pumzi. Chwe! Chwe! Machozi ya furaha yakamlengalenga. "Kinaota kwa nguvu, jamani," akanong'ona. "Hakika kimenipenda."

Jioni Nguchiro akawaita majirani wote. Nyati akainuka. Majani yakafunuliwa. Lo! Kimea kimeota, vijimizizi vyeupe vimeshikana, harufu tamu.

"Hongera, mzee!" wakapiga vigelegele, naye Nguchiro akaongeza, "Tembo alishindwa, wewe umeweza!"

Nyati akacheka, akajipiga kifua, halafu njaa ikamgeuza shingo kuelekea shambani. Akaona mabua matupu.

"Ulezi uko wapi?"

"Umo ghalani, mzee," Nguchiro akasema, watoto amewasukuma nyuma yake. "Tumeuvuna leo, ulipokuwa kazini."

Kobe akafungua mdomo. Nyati akamtazama Kobe, akatazama ghala ambalo angelivunja kwa pembe moja, akawatazama wote waliotoka kumpigia vigelegele. Akivunja, itabidi aeleze mbele yao alivyodanganywa.

Akakohoa. "Naam. Ndivyo nilivyopanga," akasema. "Nililala hapa makusudi, nyie mpate nafasi ya kuvuna."

"Ahsante, mzee!" Nguchiro akapiga goti.

Tangu hapo, ulezi ukikaribia kuiva, Nyati huja mwenyewe, hupiga hodi na kuuliza lini aanze kuatamia.

Nami nakomea hapa, wanangu, mkijua kwamba apendaye sifa, huna haja ya kumfunga kamba: msifu tu, atakaa mwenyewe.