Meza Kando ya Msumeno

Mzee Shekue, mwenye kiwanda cha mbao na mkono wa birika, aliambiwa na mkaguzi atafute mshauri wa usalama kabla ya Ijumaa, la sivyo kiwanda kitafungwa. Akatafuta wa bei ya chini kuliko wote, akampata Namkunda, ambaye alishauri watu kwa simu bila kukanyaga kwao.

"Sitaki ushauri wa kununua vitu," Shekue alimwonya.

"Hutanunua hata msumari. Hebu niambie, hapo kwako ni wapi ambapo mtu hajawahi kuumia?"

"Ofisini kwangu. Miaka kumi na miwili, hata ukucha haujang'oka."

"Mna nini humo?"

"Meza, kiti na mimi."

"Basi kinga unayo mwenyewe. Hamia kando ya msumeno, wewe na meza na kiti chako."

Shekue alicheka kwa raha, akahama siku hiyo hiyo. Kesho yake, kabla ya saa nne, kipande cha mbao kiliruka kikaondoka na kofia yake. Kufika saa tisa, msumeno ulikuwa umefungwa kinga ya chuma, na kila mfanyakazi alikuwa na miwani na buti mpya.

Akampigia Namkunda. "Sasa pako salama. Naweza kurudi ofisini?"

"Mimi niko mbali, mzee, sioni kitu. Muulize kaka yangu, huyo anayesukuma magogo hapo ubavuni kwako."

Shekue akageuka. Kaka mtu aliinua mkono wenye vidole vitatu alivyoachiwa na msumeno ule ule, akautikisa taratibu.

"Bado," alisema.