Kindi Alivyojifunza Kurusha Dadu

Paukwa!

— Pakawa!

Walio nyuma mbona mnaitika kama wenye homa? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, mmeamka. Palikuwa na mkuyu uliozaa mpaka matawi yakaomba radhi. Juu yake aliishi Bi Kindi na wanawe. Siku moja akaja Mzee Nyani, kifua hiki, na makalio yale msiniulize! Akakaa katikati ya mti. Akala kuyu, nya nya nya. Akala tena, nya nya nya. Kisha akasema, "Mti huu wangu. Wee mkia-fagio, hama!"

"Nihamie wapi na watoto, mzee wangu?"

"Basi tucheze dadu. Ukinishinda, nahama mimi. Nikikushinda, nisione hata unywele wako."

"Lakini dadu siijui."

"Hoo! Hoo! Nitakufundisha!" Alifurahi, kwani kumshinda mwanafunzi ni mteremko.

Wakashuka, wanyama wakajaa kutazama. Nyani akachimba vishimo viwili, chake na cha Kindi. "Sikiliza. Ukirusha ukapata tano, shika kokoto tano. Rusha tena ukipenda, uongeze. Ukitosheka, mimina shimoni, hizo ni zako. Lakini ukipata moja, ulizoshika zote tupa, zamu imekwisha. Atakayefikisha thelathini shimoni ndiye mshindi."

Nyani akarusha. Kolokolo-ta! Sita. Kolokolo-ta! Nne. Akamimina.

Kindi akarusha. Kolokolo-ta! Tano. Mikono yake midogo, akazitia kokoto mashavuni. Kolokolo-ta! Sita. Mashavu yakavimba, puu! Kolokolo-ta! Moja.

"Tema!" Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. "Tema zote!"

Kindi akatema, pwa pwa pwa. Wanawe juu wakaanza kulia. Kindi akasema taratibu, "Asante, mwalimu. Nimejifunza."

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi kama ya sokoni kwetu: anayeshukuriwa hutoa nyongeza. Muuza dagaa ukimwambia asante, hutia kiganja kingine. Asiyeongeza huitwa bahili mpaka kwa wakwe zake.

Nyani akarusha. Sita! Tano! Akataka kumimina.

"Asante, mwalimu!" Kindi akapiga makofi. "Asante kwa kunionyesha mrusho huo!"

"Nyongeza!" wanyama wakapaza sauti. "Nyongeza!"

Nyani akavimba kichwa. Tangu azaliwe hajawahi kushukuriwa na mtu; neno lile lilimwingia kama asali. Akaongeza mrusho. Kolokolo-ta! Nne! "Mnaniona?"

"Asante, mwalimu wa walimu!"

"Nyongeza!"

Kolokolo-ta! Moja. Kokoto zote chini, pukutu!

Kindi akarusha mara moja, akapata tatu, akamimina. Nani amshukuru? Nyani? Mdomo ule asante haukuwahi kupita!

Ikawa hivyo. Nyani akipata, "Asante, mwalimu!" Nyongeza! Pukutu! Kindi akipata, anamimina kimya. Tatu. Tano. Sita. Shimo la Kindi likapanda, la Nyani likakaa palepale.

Kindi alipobakiza mbili, akarusha. Kolokolo-ta! Nne, zinatosha na kuzidi! Hapo Nyani akashtuka. Kumbe naye angeweza kumshukuru Kindi, arushe tena, pengine ipatikane moja!

"Aaa..." akaanza.

Wanyama wakanyoosha shingo.

"Aaa... aasss..." Macho yakamtoka, mishipa ikasimama, mate yakamrukia Kobe.

Kindi akamimina kokoto zake. "Thelathini, na ziada."

"...SANTE!" Nyani akalipuka.

Mchezo umekwisha. Nyani akainama, akageuka aende zake.

"Mwalimu, simama," akasema Kindi. "Umenishukuru, na usingenifundisha ningelala nje na wanangu. Tawi lile la upande wa kijito, lichukue. Uje ule kila makuyu yakiiva."

Nyani akatazama tawi, akamtazama Kindi. Mara hii neno lilitoka bila kusukumwa: "Asante."

"Mzee wangu," Kindi akamjibu, akipanda mbio kwa wanawe, "hilo limezidi sasa. Utanimalizia mti!"

Ngano yangu imefika kitandani, naifunika shuka. Kama imekuchekesha, kicheko ni chako. Kama imekuchosha, uchovu niachie mimi.

Na funzo? Watoto, msiwafundishe wenzenu kitu chochote, na adabu acheni kabisa. Mnaona wenyewe inavyofukuza watu mitini.