Kioo Ndani ya Nailoni

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta ambayo kioo chake kilikuwa kimechoka. Jina lake Ambakisye, kazi yake kutengeneza kadi za harusi pale Tukuyu, na Jumapili baada ya ibada alicheza mpira wa kwenye kompyuta na shemeji yake. Lakini lawama zote za kile kioo zilimwangukia mkewe, Tusajigwe. Kikififia, anaambiwa yeye. Kikitetemeka, anaambiwa yeye, kana kwamba ndiye aliyekizaa.

Basi wakaenda kununua kingine. Na kwenda gani huko! Masika yote walizunguka madukani na mwavuli mmoja. Ambakisye akauliza kama herufi zitasomeka kutwa bila kuumiza macho, kama rangi anayoiona ndiyo itakayotoka kwenye karatasi, kama mpira ukipigwa kwa nguvu hautaacha mkia kiooni. Maswali mazuri, hakuna ubishi. Ila kesho yake alirudi duka lile lile kuyauliza upya, hadi wauzaji wakimwona anashuka barabara wanakumbuka kwamba hawajala. Tusajigwe akavumilia. Alijiambia kwamba anayechagua kwa taabu atatumia kwa raha.

Na kweli alichagua vizuri. Kioo kipana, kimetulia, rangi zake za haki. Kikawekwa mezani, kikawashwa, na ile nailoni ya kiwandani ikabaki usoni mwake. Mkewe akanyoosha kidole aibandue. Ambakisye akamdaka mkono.

"Taratibu, mama! Siku nikitaka kukiuza, kiwe kipya."

Tusajigwe akaurudisha mkono wake. Mtu hata hajakitumia, anawaza kukiuza!

Nailoni ikaingia vumbi, ikafanya mapovu, ikachubuka kwa kufutwafutwa. Jumapili shemeji akaangua kicheko: "Shemeji, mpira huu tunauchezea mlimani Rungwe kwenye ukungu, au vipi?" Ambakisye akakilaumu kioo. Akamlaumu muuzaji. Mwisho akamlaumu mkewe kwamba alimharakisha. Kumharakisha! Mwanamke akatoka nje akachambua mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa.

Kisha ikaja kazi ya mama mmoja anayeheshimika kanisani, anamwoza binti yake. Kadi ilitakiwa iwe na picha ya binti. Ambakisye akamtazama ndani ya ule ukungu, akamwona amepauka, akamwongezea wekundu. Bado amepauka. Akaongeza tena. Kadi zilipotoka kwenye printa, bibi harusi alikuwa mwekundu kama aliyenawishwa pilipili.

Mama wa binti akaja, akaziweka zote mezani bila kupandisha sauti. "Baba, huyu uliyemchapa mimi sikumzaa. Kesho nimkute wangu, la sivyo nampeleka Mbeya." Akajifunga kanga, akaondoka. Na nani asiyejua kwamba yule akienda Mbeya, harusi zote za kanisa zitamfuata huko huko?

Ambakisye akashika kichwa. Akaanza upya: kioo kibovu, kirudishwe dukani, wamemwibia. Tusajigwe alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akalitua chini.

"Baba Tumaini, unayachakaza macho uliyopewa na Mungu, ili umtunzie kioo mtu ambaye hata hajatokea kukinunua!"

Mume akavuta kiti. Alikaa, akakitazama kioo, akamtazama mkewe. Kisha akaingiza ukucha kwenye kona, akavuta. Nailoni ikalia kama kitambaa kinachochanwa. Chini yake kioo kilikuwa kile kile alichokichagua, na ndani yake alikuwa binti wa watu, na Ambakisye akaona mkono wake umemfanya nini. Hakuna aliyemwambia la kufanya. Alipunguza wekundu kidogo kidogo, mpaka uso wa mtoto ukarudi kuwa wake, na kadi zikachapwa upya. Mama wa binti alipozichukua kesho yake, alitabasamu, akaulizia na kadi za mdogo wa bibi harusi.

Usidhani alikuwa amepona. Tusajigwe alipoingia na chai alimkuta ameikunja ile nailoni vizuri, kona kwa kona, anatafuta boksi la kuihifadhi.

Nawe unayesikia, ni nini ulichopewa uishi nacho, nawe ukakifunika kana kwamba kesho utakiuza: ni mume, ni mke, ni kazi, au ni siku zako zenyewe?