Nyasi Zilizoshuka Mlimani

Mzizi usioonja kiu haushuki. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu mkabaki kuangaliana, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Zaina alikuwa binti wa Lushoto, akaolewa Korogwe, chini kwenye joto la mikonge. Mumewe, Mahimbo, alikuwa mtu mwema, lakini wema haupozi jua. Siku Zaina alipoagwa, mama yake alikata pande la nyasi za uani kwao, nyasi nene na laini za mlimani, akalifunga kwa majani ya mgomba.

"Kapande mlangoni pako," alimwambia. "Ukizikanyaga, utakuwa umekanyaga kwetu."

Zaina akazipanda. Kwao ukungu hulowesha majani kila alfajiri, kwa hiyo naye alizinyunyizia kata moja asubuhi na kata moja jioni, kidogo kidogo, kama anayelisha kichanga. Na kila Ijumaa, lori la mboga lilipopanda Lushoto, naye alikuwa juu yake. Alirudi Jumapili macho yamevimba. Alimpenda mumewe, msije mkadhani vingine. Ila moyo wake haukuwahi kutua mizigo.

Mvumilivu hula mbivu, lakini Mahimbo alikuwa anakula viporo vya Alhamisi. Mwisho akasema, "Zaina, hapa ni kwako au ni kituo cha lori? Ukipanda tena Ijumaa hii, kaa huko huko."

Zaina alitoka nje akakuta nyasi zake zimekauka zote. Akapiga magoti, akalia. Mama mkwe wake, Bi Mashavu, ambaye ukoka wake ng'ambo ya ua ulikuwa kijani chini ya jua lile lile, akaja na jembe.

"Nimezinywesha kila siku niliyokuwapo, Mama! Kila siku!"

"Ndiyo kosa lenyewe, mwanangu."

Akalivuta lile pande, likainuka kama mkeka. Mizizi yake haikufika hata urefu wa ukucha. Kisha akachimba kwenye ukoka wake, akachimba tena, na mzizi ukazidi kwenda chini.

"Huu ni wa jua hili," alisema. "Naumwagia mara moja kwa wiki, lakini nikimwaga, namwaga mpaka udongo ushibe. Halafu nauacha na kiu yake, uyafuate maji chini. Zako zilionjeshwa tone kila siku hapo juu. Zishuke kufuata nini?"

Zaina alijua hazisemwi nyasi peke yake.

Ijumaa lori lilipiga honi. Zaina alikuwa amechuchumaa mlangoni, anapanda vipande vya ukoka. Honi ikalia tena. Hamu ya kwao ilimvuta, hamu ya baridi, ya ukungu, ya sauti ya mama yake akiita kuku. Hakuinuka. Lori likaondoka, naye akamwaga ndoo nzima huku machozi yanamtiririka. Bi Mashavu hakumbembeleza. Alichuchumaa kando yake, wakapanda pamoja.

Mnauliza kama aliacha kwenda kwao? La. Alikwenda baada ya mavuno, akakaa na mama yake mpaka akashiba, akarudi kwa mumewe.

Na hamu, iliisha? Haikuisha, wajukuu zangu, hata alipozeeka. Ingeisha, mizizi yake kule Korogwe ingeshuka kufuata nini? Mzizi usioonja kiu haushuki.