Kikombe cha Mzee Mwadime

"Dawa usiyoionja, usimnyweshe mwenzio." Mmemsikia mjomba wenu akiisema, mkacheka kana kwamba ni methali ya walafi. Haya, kaeni. Ilianza hivi.

Huko juu milimani Taita, ambako ukungu hushuka hadi mlangoni ukasikia kengele ya ng'ombe usimwone ng'ombe, aliishi mganga aitwaye Mwadime. Alimfundisha kazi binti mmoja, Wakesho, kwa sheria moja tu: kila dawa, mganga apige funda la kwanza mbele ya mgonjwa, ndipo ampe.

Mwadime akazeeka. Uvimbe ukamwota tumboni, maumivu yakamnyima hata usingizi. Asubuhi moja, ukungu umeingia mpaka kitandani, akamwita Wakesho.

"Mwanangu, nichemshie ule mzizi mweusi. Nimechoka. Nataka kulala nisiamke."

Wakesho alilia mbele yake bila kujificha. Alimpenda kuliko baba mzazi. Kumwacha ateseke aliona ni ukatili. Kumpa, aliona ni ukatili vilevile. Mwishowe akauchemsha. Akaleta kikombe, akaketi, na kwa mazoea ya miaka yote akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe.

"Wewe! Hiyo usionje!" mzee akamaka.

"Sheria ni yako, baba."

"Iache leo. Leo tu."

"Nikiiacha leo, kesho mgonjwa mwingine atakipokeaje kikombe changu bila hofu?"

Mzee akakitazama kile kikombe mkononi mwake. Machozi yalimtoka, nayo hayakuwa ya maumivu peke yake.

"Kimwage," akasema. "Lakini usiniache na haya mateso peke yangu."

Hakumwacha. Alimkanda, alimlowesha midomo, alimpa dawa ya kutuliza, kwanza yeye, kisha mzee. Basi wakawa wanasinzia pamoja mchana kutwa, ukungu ukiingia na kutoka, wasijue ni nani anaota ndoto ya nani. Siku ya kumi na mbili mzee hakuamka.

Si siku zote kumi na mbili zilikuwa za utulivu. Wapo waliomlaumu Wakesho kwa kumwacha mzee ateseke, na yeye mwenyewe alijiuliza hadi uzeeni kama alitenda haki. Jibu hakulipata. Mimi pia sina, msinitazame hivyo.

Ila wagonjwa hawakuacha kumjia, hata wale waliochoka na dunia. Walimtazama akimeza funda la kwanza, ndipo wakanyoosha mikono. Dawa usiyoionja, wanangu, usimnyweshe mwenzio.