Kofia ya Mwisho ya Bi Mwanakheri

Leo sitaki mniitikie kwa usingizi. Fungueni masikio, maana mwisho mtajibu nyinyi. Mimi swali lenyewe limenishinda.

Bi Mwanakheri alikuwa mshona kofia za vito, zile za matundu madogo yanayodariziwa kwa sindano, asiye na mfano. Alikuwa na wana watatu. Shee alijua kuunga mifupa kwa mikono. Bwanaheri alikuwa mhudumu wa zahanati. Esha, kitinda mimba, kipaji chake kilikuwa subira, jambo ambalo nyinyi hamlijui.

Siku ya kutwanga mpunga wa harusi, michi miwili kinu kimoja, wanawake wakiimba, Bi Mwanakheri alipeleka mkono kutoa pumba kabla ubeti haujaisha na michi kusimama. Lo! Mchi ukamshukia. Mifupa ya kiganja cha kulia ikavunjika.

Shee alikuja mbio. Alivuta vidole, akapapasa, akairudisha mifupa mahali pake na kuifunga kwa vibanzi vya mti na kitambaa. Bila yeye kiganja kingeunga kombo.

Uvimbe uliposhuka, vibanzi vililegea, mifupa ikaanza kuhama. Bwanaheri akainyoosha tena, akaweka plasta. "Usiiloweshe, mama," akaonya. Mifupa ikaunga.

Plasta ilipotolewa, vidole vilikuwa vikavu kama kuni. Esha alifunga kila kidole kigonjwa pamoja na kidole kizima cha jirani, akawa anavikunja kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi.

"Utaniua, mwanangu!"

"Kunja tu, mama."

Mpaka sindano ikashikika.

Basi Bi Mwanakheri akashona kofia moja, kwa maumivu, mwaka mzima. Akaropoka, maskini: "Hii ndiyo ya mwisho. Ni ya aliyenirudishia mkono."

Idd walikuja wote watatu.

"Niliyeupanga mfupa ni mimi," akasema Shee.

"Ukahama! Aliyeushika ni mimi," akasema Bwanaheri.

"Na mkamwachia mama gogo," akasema Esha. "Kofia ni ya mume wangu."

Kila mmoja akaapa: akipewa mwingine, hakanyagi tena nyumba ile. Watu wa tumbo moja, jamani!

Mama aliwatazama, machozi yakimtoka. "Tangu mfike, hakuna aliyeniuliza kama mkono bado unauma."

Lakini hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyeuliza. Wote macho kwenye kofia.

Haya, waamuzi. Ungekuwa wewe ndiye Bi Mwanakheri, ungempa nani? Na ukishamtaja, niambie: wale wawili utawarudishaje kwa mama yao?